Kompyuta ya Parokia na Amri ya Saba

Pengine wewe, msomaji, huna kompyuta nyumbani kwako, nawe wataka kuupita upesi ukurasa huu ili ukasome habari za mazao. Tafadhali ngoja kidogo. Labda mtoto wako yuko chuoni na amekuandikia akiomba fedha za kompyuta. Labda kijana wa kijijini kwenu amefungua duka la kupiga chapa na kutoa nakala. Au kigango chenu kimepewa mashine kuukuu na mfadhili. Siku moja mtaulizwa: tuweke mfumo gani, na je, ni wetu kwa haki? Sisi katika ofisi ya parokia tuliulizwa neno hilo tukiwa tumekwisha kukosea, ndiyo sababu naandika.

Mfumo endeshi ni programu kuu iamshayo kompyuta asubuhi, na programu nyingine zote hutumika chini yake. Mfikirie stesheni masta. Yeye si treni wala si abiria, lakini asipokuwapo hakuna gari liondokalo. Mfumo uliozoeleka zaidi kwetu ni Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, hata mafundi wetu husema “kupiga Windows” wakiwa na maana ya kuweka mfumo upya.

Mashine yetu ilitengenezwa mwaka 2014, nasi tulipewa mwaka 2016, ikiwa na Windows 10 ndani yake. Mwaka 2019 diski yake ikafa. Niliichukua mimi mwenyewe mpaka mjini, nikampa fundi. Alitia diski nyingine, akapiga Windows kwa shilingi 15,000, nami nikarudi kwa basi la jioni nikijisifu kwamba nimeiokolea parokia fedha. Sikuuliza neno la leseni. Nasema kweli, nilijua kuna neno la kuuliza, nikanyamaza.

Asubuhi moja ya mwaka 2022 niliwasha mashine nikakuta majina ya mafaili yote yamegeuka, hakuna hata moja lililokubali kufunguka. Palikuwa na barua ya Kiingereza ikidai fedha ili tufunguliwe. Mshukuru Mungu pamoja nami, maana vitabu vya ubatizo na vya ndoa bado twaviandika kwa mkono. Lakini hesabu za michango ya ujenzi wa kanisa la kigango zilikuwa humo tu, miaka mitatu mizima. Kuna wazee waliotoa debe la mahindi, na akina mama waliotoa shilingi elfu moja kila Jumapili. Nilizunguka vigango vyote kwa baiskeli nikiwa na vishina vya stakabadhi, nikiuliza nyumba kwa nyumba nani alitoa nini. Wengi walinihurumia. Wengine walinong’ona kwamba karani amezila fedha kisha amesingizia kompyuta. Nilisikia kwa masikio yangu, wala sikuweza kukasirika sana.

Mwalimu wa kompyuta wa sekondari ndiye aliyetueleza tulivyoumia. Nami nakueleza wewe kama alivyonieleza mimi.

LESENI NI NINI?

Ukinunua jembe, jembe ni lako. Waweza kuliazima, kuliuza, hata kulitupa. Programu sivyo. Ununuacho ni ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyozilinda kazi za waandishi wa vitabu. Watu husema: “Nikinakili programu, mwenyewe hakupungukiwa na kitu.” Nami nilisema hivyo. Lakini seremala akikuchongea mlango kwa mbao zako mwenyewe, nawe ukakataa kumlipa, mikono yake bado anayo na randa lake bado analo. Je, hukumchukulia kitu? Padre Paroko alipoulizwa hakuhubiri. Aliitaja Amri ya Saba kwa neno lake moja, “Usiibe”, akaniuliza kama tumelipa.

Sasa leseni za Windows si za namna moja. Iko ile iliyofungamana na mashine iliyokuja nayo. Mashine ikifa, leseni yafa pamoja nayo, wala huwezi kuihamishia kwenye nyingine. Iko ile inunuliwayo dukani peke yake, ambayo waweza kuihamisha. Bei yake kwa Windows 11 ya nyumbani katika duka la Microsoft huko Marekani imekuwa dola 139, nazo si fedha ndogo kwa mtu alimaye. Tena iko leseni ya jumla ya mashirika makubwa. Kwa namna moja ya leseni hiyo, kompyuta moja ya shirika hufanywa mtunza ruhusa, nazo nyingine huiuliza, hupewa ruhusa ya siku 180, kisha huuliza tena.

Hapo ndipo wadanganyifu walipopata mlango. Wametunga programu ndogo ijifanyayo kuwa mtunza ruhusa. Mashine yauliza, nayo yajibiwa na mwongo aliyefichwa ndani yake yenyewe. Mara nyingi mwongo huyo hawezi kuingia mpaka fundi auzime ulinzi wa virusi, na mlango ukiisha kufunguliwa, nani ajuaye aliyeingia pamoja naye? Ukimwona fundi akiuzima ulinzi, muulize sababu mbele ya watu. Tena fungua mahali pa mipangilio, usome habari za leseni ya mfumo. Ukikuta imeandikwa kwamba ruhusa yatoka kwa huduma ya shirika, hali wewe huna shirika lo lote, fahamu kwamba umepigiwa Windows ya wizi.

Nalo lililonichoma kuliko yote ni hili. Mashine yetu ilikuwa na leseni yake halali tangu siku ya kwanza! Tangu Windows 8, watengenezaji wengi huuweka ufunguo wa leseni ndani ya ubao wa kompyuta, hawaubandiki tena chini kwa karatasi. Mfadhili wetu alikuwa ameipandisha mashine hiyo hadi Windows 10 bure, kama kampuni ilivyoruhusu katika mwaka ule wa kwanza ulioanza Julai 2015. Laiti fundi angeweka toleo lile lile la nyumbani, mashine ingejitambua yenyewe mara ipatapo mtandao. Yeye aliweka toleo la Pro pamoja na yule mwongo. Basi tuliiba kitu tulichokuwa nacho nyumbani. Mwalimu alipoweka toleo lililo letu, leseni ilikubali bila senti.

MWAKA 2025

Tukakaa kwa amani, mpaka ikatangazwa kwamba Windows 10 itaachwa kutunzwa tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi walidhani kompyuta zitazimika siku hiyo. Hazikuzimika. Maana yake ni kwamba matundu yapatikanayo katika mfumo hayazibwi tena bure, nao wezi huyatafuta matundu ya namna hiyo. Kwa watu binafsi kampuni iliongeza muda wa kuziba matundu hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa masharti mengine yasiyo ya fedha. Ofisi ya parokia si mtu binafsi, tukaona tusijidanganye mara ya pili.

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, na mwenye Windows 10 halali huipata bure kama mashine yake inafaa. Ila yadai kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kidude cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, tena haikubali akili za kompyuta za zamani. Yetu ya mwaka 2014 ilikataliwa. Mafundi wako tayari kuilazimisha iingie, lakini kampuni yenyewe haishauri hivyo wala haiahidi kuitunza mashine ya namna hiyo.

Ilibaki njia ambayo mimi sikuijua. Mwaka 1991 kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki katika Finland, alianza kutunga kiini cha mfumo, kikaitwa Linux. Mmarekani Richard Stallman alikuwa amekwisha kuanza tangu 1983 kazi ya GNU, yaani mfumo ambao kila mtu aweza kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa. Linux ikatolewa chini ya leseni hiyo ya GNU. Angalia vizuri: bure haina maana kwamba hakuna leseni. Leseni ipo, ila badala ya kukufunga yakuruhusu. Na sharti lake kubwa ni kwamba ye yote augawaye mfumo huo, hata akiwa ameubadili, asiwanyime wengine uhuru ule aliopewa yeye wala maandishi ya ndani ya programu. Ukimpa jirani nakala huvunji sheria yo yote.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa aina ya Linux aliyoiita Ubuntu, neno la Kizulu na Kixhosa lililo ndugu wa neno letu “utu”. Tangu 2005 hadi 2011 diski zake zilitumwa bure kwa posta kwa aliyeomba, hata nchi za mbali. Kutoka kwa Ubuntu ikazaliwa Linux Mint mwaka 2006, nayo ndiyo tuliyoichagua, kwa sababu sura yake haimtishi mtu aliyezoea Windows, tena yaridhika na kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ni afadhali. Toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, limeahidiwa kutunzwa hadi 2029.

Yafaa ujue pia kwamba waweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa yaliyomo ndani ya mashine. Sisi tulijaribu wiki nzima. Kwa kuandika barua ipo LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, nayo hufungua barua nyingi zilizoandikwa kwa Word, ingawa mara nyingine mistari huhama kidogo. Ni ya ukoo mmoja na ile Jambo OpenOffice iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sikushauri uikimbilie bila kupima. Shule yetu ya parokia ina programu ya hesabu za ada isiyokubali kukaa juu ya Linux, basi kwa shule tulinunua mashine mpya yenye leseni ya Windows 11 iliyokuja nayo, tukadai risiti yenye kuitaja leseni hiyo kwa maandishi. Muuza duka alishangaa. Akasema mimi ni wa kwanza kumwomba. Tena mafundi wengi wa mjini hawaijui Linux, hivyo ukikwama waweza kungoja. Na kabla ya kuweka mfumo wo wote, nakili mafaili yako yote mahali pengine, kisha uyafungue huko uone kama kweli yamo, maana mfumo mpya ukisha kuenea juu ya diski hakuna kurudi.

Kuuweka Mint kulichukua kama saa moja. Printa ya ofisi ilikataa kutii siku mbili, mpaka mwalimu alipoipatia programu yake. Hesabu za michango sasa ziko mahali patatu: ndani ya mashine, kwenye flashi aliyo nayo mhasibu wa parokia, na kwenye daftari linalokaa ofisini wazi, ili mtu atakaye kulitazama jina lake alitazame.