Kutoka Saketi hadi Pakiti: Mageuzi ya Mitandao ya Simu katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa huulizia bei ya dhahabu kwa simu, na kwa simu hiyohiyo hupokea malipo na kuwatumia jamaa zake fedha. Makala hii inafafanua namna kampuni za simu zinavyohamia kwenye mitandao ya itifaki ya intaneti, yaani IP. Hoja yake ni kwamba katika ukanda huu mtandao mpya haujaufuta ule wa zamani, bali umejengwa chini yake.

2.0 Saketi na Pakiti

Katika mfumo wa saketi, kila mazungumzo hutengewa njia yake hadi simu inapokatwa, hata wazungumzaji wakinyamaza. Katika mfumo wa IP, sauti, ujumbe na picha hugawanywa katika pakiti zenye anwani ya ziendako, na zote hupita njia moja. Njia hiyo hutumika kikamilifu zaidi, lakini pakiti za sauti zikichelewa, maneno hukatika.

3.0 Kutoka Kitovuni hadi Mnarani

Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, mwaka ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Mkongo wa Taifa unapita Shinyanga. Hata hivyo, minara mingi ya machimboni haifikiwi na mkongo. Huunganishwa kwa maikrowevu, mnara hadi mnara. Awali viungo hivyo vilipimwa kwa E1, ambayo hubeba megabiti 2.048 kwa sekunde, sawa na mazungumzo 30. Mnara wa 4G huhitaji makumi ya megabiti au zaidi. Aidha, dhahabu mpya inapogunduliwa, watu humiminika katika eneo moja kwa majuma machache. Maikrowevu ya IP huwezesha uwezo wa kiungo kuongezwa, mara nyingi kwa kubadili mipangilio tu, bila kuongeza saketi mojamoja.

4.0 Kwa Nini Mfumo wa Zamani Unadumu

Mwenye simu ya kitochi hutuma fedha kwa kubonyeza namba za nyota na reli. Huduma hiyo, USSD, ilibuniwa kwa mtandao wa kizazi cha pili na hutegemea ishara za SS7. Hata simu ya 4G mara nyingi hurudishwa kwa muda kwenye kizazi cha pili au cha tatu ili kuitumia. Kwa hiyo kampuni haiwezi kuzima kizazi cha pili bila kumgusa mchimbaji. Badala yake, ishara za SS7 hufungwa ndani ya pakiti za IP kwa itifaki za SIGTRAN.

Hapo ndipo penye hatari. Zamani video haikuweza kula nafasi ya simu, kwa kuwa kila saketi ilikuwa na nafasi yake. Sasa ujumbe mfupi wa malipo husafiri pamoja na video katika kiungo kimoja. Ruta zisipopangiwa kanuni za kipaumbele, muamala hukwama wakati wa msongamano, na muuzaji aliyekwisha kutoa dhahabu yake hubaki bila uthibitisho wa malipo.

5.0 Hitimisho

Hivyo basi, kuwapo kwa 4G mnarani hakutoshi kuwa kipimo cha mageuzi haya. Kipimo kinachofaa zaidi ni mambo matatu: upana wa kiungo cha mwisho, kipaumbele kinachopewa ishara za malipo, na kuwapo kwa njia mbadala kiungo kikikatika. Mnara usio na njia mbadala ukipoteza kiungo chake, sauti, bei na malipo hukatika kwa pamoja.