Vyumba vya Kazi Vilipofunguliwa Makerere

Binti akisema nyumbani kwamba anataka kusomea udaktari, hupigiwa vigelegele kabla hajamaliza kusema. Akisema anataka kusomea sanaa, mama humtazama baba, na baba huitazama dari. Hofu yao twaijua, nayo si ya bure. Ataishi kwa nini? Na je, atalazimika kuchora na kuchonga viumbe wenye roho? Kwa ajili ya maswali hayo mawili tulifunga safari na akina mama wachache hadi Kampala, siku ambayo shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere iliwafungulia wageni vyumba vyake vya kazi.

Shule hiyo ina jina la mwanamke, Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala, na Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro, ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika kama balozi mjini London.

Siku kama hiyo si sawa na maonyesho. Kwenye maonyesho hutundikwa kilichokamilika. Humu ndani udongo ulikuwa bado umajimaji, na pembeni palikuwa na vyungu vilivyopasuka tanurini, ambavyo hakuna aliyejisumbua kuvificha. Twamshauri mzazi atazame sakafu na mapipa ya taka kabla ya kutazama kuta. Hapo ndipo ataona kama watoto wanafanya kazi.

Tulikaa zaidi kwenye chumba cha nguo. Mwenzetu mmoja, ambaye amewasomesha wanawe kwa kushona kofia za vitobo, alikipindua kitambaa kilichotariziwa na kukikagua upande wa nyuma, kama wafanyavyo mafundi wetu wote, kisha akauliza kwa nini nyuzi hazikufichwa. Mwanafunzi aliacha kitanda cha mfumi akaja kusikiliza. Yule mama akaeleza jinsi mchoro unavyotangulia sindano, na jinsi kitobo kimoja kikikosea nafasi kinavyoiharibu safu nzima. Kule kwetu maarifa hayo huitwa kazi ya mikono, nayo hulipwa kidogo. Pale kijana aliyaandika daftarini.

Swali la viumbe tuliliuliza wazi, na hatukuzungushwa: kuchora umbo la mwanadamu ni sehemu ya mafunzo, ingawa anayeelekea kwenye nguo au ufinyanzi hushughulika zaidi na mapambo na vyombo. Kuhusu sanamu zenye kivuli, maneno ya wanavyuoni ni makali. Kuhusu picha bapa wamehitilafiana. Mwenye shaka amuulize shekhe wake kabla ya kulipa karo, si baada yake. Lakini asimnyime binti elimu nzima kwa ajili ya sehemu ambayo hajaiulizia.

Ama riziki, hatutawapamba wasomaji. Rosemary Karuga, Mkenya, alisoma hapo kuanzia mwaka 1950 hadi 1952, na ndiye mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule hiyo. Baada ya hapo alikuwa mwalimu kwa miaka mingi na sanaa yake ikakaa kando. Alipoirejea uzeeni, rangi zilikuwa ghali mno kwake, akawa akichana karatasi za sabuni na pakiti za unga na kuzibandika vipande vipande hadi zikawa picha. Mwaka 1990 kazi hizo zilioneshwa katika jumba la Studio Museum, Harlem, Marekani, naye akiwa msanii mwanamke pekee katika maonyesho hayo. Alifariki mwaka 2021. Twaisimulia habari yake kwa sababu ina pande mbili: ualimu ndio uliomlisha, na mkono aliofundishwa ujanani haukumsahau.

Basi mzazi anayekwenda siku ya namna hii aende na binti mwenyewe, na amwache aulize. Tuliona baadhi ya akina baba wakiuliza kila kitu huku mabinti wamesimama nyuma yao kimya.

Jua lilipokaribia kutua tulimtafuta mwenzetu wa kofia ili tukaswali na kuanza safari. Alikuwa bado chumba cha nguo, amevua miwani, ameushika mkono wa yule mwanafunzi akimwonesha namna ya kuikamata sindano.