Anza na Vyumba, Nyumba Kubwa Ifuate

Ukipita pembezoni mwa Dar es Salaam, Chanika, Goba, Mapinga au Kigamboni ya ndani, utaona maboma. Kuta zimefika kwenye lenta, nondo zimetokeza juu na kushika kutu, na ndani majani yameota hadi usawa wa dirisha. Kila boma ni akiba ya mtu: mwalimu, dereva, muuguzi, mama lishe aliyecheza upatu miaka kadhaa. Wengi walipanga kwamba nyumba ikiisha wataishi upande mmoja na kupangisha upande wa pili. Nyumba haijaisha, na kodi ya kwanza bado haijaingia.

Kwa mwenye akiba ndogo anayetaka kuishi mjini kwa kodi za wapangaji, ushauri wangu ni kugeuza mpango huo. Jenga kwanza kile kitakacholeta kodi mapema, hata kama ni vyumba viwili tu nyuma ya kiwanja, kisha kodi hiyo ndiyo ijenge vinavyofuata. Fedha iliyomo kwenye boma haizalishi chochote, na kadiri miaka inavyopita mvua inaila.

Tuchukue mfano. Kiwanja kimenunuliwa kwa shilingi milioni 12. Vyumba vitatu vya self, vilivyoezekwa bati na vyenye vigae sakafuni na choo ndani, vimegharimu milioni 18. Kila chumba kinapangishwa laki moja kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni milioni 3.6, sawa na asilimia 12 ya milioni 30 zilizotumika, na watu wengi hesabu yao huishia hapo. Sasa toa mwezi mmoja kwa kila chumba, kwa sababu mpangaji huhama na mwingine hachukui funguo siku ileile. Inabaki milioni 3.3. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo kisheria mpangaji huikata na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA). Toa laki tatu za koki, vitasa, rangi na gari la kunyonya maji taka. Toa kodi ya jengo, shilingi 18,000 kwa nyumba ya kawaida. Mkononi inabaki kama milioni 2.65, yaani asilimia 8.8. Bei za mtaani kwako zitatofautiana na hizi, lakini makato ni yaleyale.

Linganisha na mtu aliyekaa bila kushika hata tofali. Benki Kuu iliposhusha riba za hatifungani za serikali mwaka 2022, ile ya miaka 20 iliwekwa asilimia 12.10, na mtu anaweza kuanza na milioni moja. Milioni 30 zingempa milioni 3.63 kwa mwaka bila fundi wala dalali. Nyumba ina faida yake ya kweli: kodi hupanda, na kiwanja huongezeka thamani mji unapokifuata, wakati mwenye hatifungani mwishoni hurudishiwa milioni 30 zilezile zikiwa zimepungua nguvu. Lakini faida hiyo ni ya baadaye. Mwenye akiba ndogo huzidiwa na mahitaji ya sasa, ada ya mtoto ya Januari na ugonjwa wa ghafla, na ndiyo maana huishia kuuza kiwanja kwa bei ya kutupa kabla faida hiyo haijafika.

Ukiitazama hesabu ile vizuri, kinachoiangusha ni kiwanja. Kitoe, ubaki na ujenzi wa milioni 18 peke yake, na kodi ileile ya milioni 2.65 inakuwa asilimia 14.7. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe wapi viwanja ni rahisi. Liwe: je, kuna ardhi ambayo tayari iko mikononi mwetu na haifanyi kazi? Uani kwa wazazi Tandika, Buguruni au Mwananyamala mara nyingi pana nafasi ya vyumba viwili, karibu na daladala, maji na soko. Mpangaji wa kipato cha chini hulipa zaidi kuwa karibu na kazi kuliko kuishi kwenye nyumba nzuri iliyo mbali. Kiwanja cha bei rahisi kilomita 15 kutoka lami kinaweza kuwa urithi mzuri kwa wanao, lakini mpangaji wa kukulipa mwaka huu hutampata kule.

Jambo hili la uani nalisisitiza pamoja na hatari yake, kwa sababu limevunja familia nyingi. Usijenge kwa neno la mdomo. Andikeni, mzazi akiwa hai na mwenye akili timamu, na ndugu zako wote wasaini: nani amelipia ujenzi, kodi ni ya nani na kwa miaka mingapi, na mzazi akifariki vyumba vitahesabiwaje. Kama mzazi ameshafariki, mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa hana mamlaka hayo kwa ukubwa wake.

Wasio na uani wanaweza kuungana wawili au watatu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua namna mbili za kumiliki pamoja. Katika ya kwanza, mmoja akifariki sehemu yake inabaki kwa aliye hai. Katika ya pili, kila mtu ana fungu lake linalojulikana, na akifariki linakwenda kwa warithi wake. Ya kwanza huwafaa mke na mume. Marafiki na wafanyakazi wenza wachague ya pili, na iandikwe hivyo kwenye hati.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika uchumba, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ikiwa kiwanja kina hati. Kama hakina, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri ukaangalie mchoro unasema nini kuhusu eneo hilo, kwa sababu karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa haikuonyeshi kama hapo pametengwa kwa barabara au shule. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara kuelekea Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na nyingine zilikuwa na wapangaji. Muulize muuzaji kama ana mke au mume, na huyo naye asaini, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa yake. Kisha rudi kuangalia kiwanja katikati ya masika, Aprili, usikilize jirani anasema maji hupita wapi.

Mkopo wa benki kwa hatua hii siushauri. Mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikitozwa riba ya kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Vyumba vinavyokuachia asilimia 8.8 haviwezi kujilipia deni hilo, na pengo litatoka kwenye mshahara wako.

Kwenye ujenzi wenyewe, chukua kibali cha halmashauri, halafu fedha yako iende mahali ambapo mpangaji huhama kwa sababu yake. Katika nyumba za Kiswahili za vyumba sita na korido katikati, ugomvi mkubwa hutokana na choo cha kuchangia na mita ya umeme (LUKU) ya kuchangia. Mwenye pasi na jokofu analipa sawa na mwenye balbu moja, siku ya nne mtu anazima swichi kuu, siku ya thelathini chumba kiko wazi. Choo cha ndani na LUKU ya kujitegemea huongeza gharama mwanzoni, lakini humfanya mpangaji akae miaka, na kila mwezi ambao chumba hakikukaa wazi ni laki moja. Weka simtanki juu ya mnara wa nondo au zege, kwa kuwa mgao wa maji hauna ratiba ya kuaminika. Dari la jipsamu na mageti ya nakshi yangoje.

LUKU ina jambo moja la kuweka wazi mapema. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Irudishe kwa kuipunguza kwenye pango, na iandike kwenye mkataba. Jengo likiwa na mita kadhaa, hakikisha makato yako kwenye mita moja tu.

Wapangaji wa Dar es Salaam wamezoea kulipa miezi sita kwa mkupuo. Kwa vyumba vitatu hiyo ni milioni 1.8 kwa siku moja, na huwapumbaza wengi. Miezi hiyo yote bado hujaitolea huduma. Mpangaji akiondoka kwa kosa lako utatakiwa kumrudishia. Gawanya fedha siku ileile: matengenezo na akiba ya kurudisha zikae akaunti tofauti, kinachobaki kinunue vifaa. Kwa mfano wetu, chumba cha nne cha milioni sita kitajengwa kwa kodi ya miaka miwili na miezi mitatu hivi. Cha tano kitachukua mwaka mmoja na miezi minane, na cha sita mwaka mmoja na miezi minne, ikiwa bei ya saruji na bati itatulia na hujala kodi ya chumba hata kimoja.