Dubai ya Makaratasi

Ukivuka hori ya Dubai kwa abra, mashua ya abiria ya dirhamu 1, unashukia Deira, kwenye majahazi na harufu ya iliki. Watu wa kwetu wengi huishia hapo sokoni, wakafunga mizigo ya Kariakoo au Eastleigh. Lakini Deira ina hazina nyingine, na aliyeiweka ni mfanyabiashara vilevile.

Juma Al Majid alizaliwa Shindagha, ng'ambo ya hori, mwaka 1930. Mwaka 1991 alifungua kwa fedha zake Kituo cha Utamaduni na Turathi kinachoitwa kwa jina lake. Humo mna hati za mkono, magazeti ya zamani na maktaba nzima za wanazuoni waliofariki, vitabu ambavyo pengine warithi wangegawana au kuviacha vioze. Pale ambapo hati haiwezi kuhamishwa, hupigwa picha, nayo yenyewe ikabaki kwa wenyewe. Huo kwangu ndio uungwana wa mkusanyaji.

Karakana ya kutibu karatasi inastahili safari peke yake. Ukurasa uliotobolewa na wadudu hulazwa juu ya wavu ndani ya mashine. Humiminiwa maji yenye nyuzi za karatasi, kisha maji hufyonzwa kwa chini. Yanapokimbilia matunduni, nyuzi hunasa humo na kuyaziba. Ukurasa ukishakandamizwa na kukauka, uinue kwenye mwanga: viraka utaviona, wino wa mwandishi haukuguswa. Mashine hizi kituo huziunda chenyewe na kuzitoa zawadi kwa maktaba za nchi nyingine.

Serikali nayo imeenzi karatasi. Huko Jumeirah, mahali watawala walipotia saini muungano wa Falme za Kiarabu tarehe 2 Desemba 1971, kuna Makumbusho ya Etihad, yaliyofunguliwa 2017. Paa lake limepinda kama ukurasa, na nguzo 7 zimeinama mfano wa kalamu. Maktaba ya Mohammed bin Rashid, ya mwaka 2022, imejengwa kwa umbo la marufaa.

Nikiwaza hayo, nayakumbuka makasha ya Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe, yenye hati za wakfu na barua za mababu, na zile barua za masultani zilizohifadhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, Unguja. Wadudu wanaozila ni wale wale, na matundu ni yale yale.