Maketi ya ndege: usiamini boksi, tafuta ndege yenyewe

Katika miji yetu ya migodi watoto wanatengeneza magari na ndege kwa nyaya, kwa mabati ya mikebe na kwa miti. Ni kazi ya akili, wazazi wasiidharau. Leo tuzungumze juu ya kazi iliyo ndugu yake: ile ndege ndogo ya plastiki inayouzwa vipande vipande ndani ya boksi, mtu aiunganishe kwa kole. Sisi tunaiita maketi. Wengi wakimaliza kuunganisha wanasema: kazi imekwisha. Kumbe kwa fundi wa kweli hapo ndipo maswali yanaanza: je, inafanana na ndege yenyewe?

Labda utasema: “Pastere, ile njo muchezo tu ya batoto.” Ngoja kwanza. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, jeshi la maji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge maketi 500,000 za ndege. Kwa nini? Kwa sababu askari alipaswa kutambua upesi ndege ya adui na ndege ya wenzake. Kama bawa limechongwa vibaya, jicho la askari limefundishwa uongo, naye anaweza kuwapiga ndugu zake. Maketi ni mwalimu. Ikidanganya, wanafunzi wake wote wamepotea.

NDEGE GANI, SIKU GANI?

Tuchukue mfano wa kwetu: Fouga Magister. Ndege hii ilitengenezwa Ufaransa, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1952, kwa kufundisha marubani. Watu wawili wanakaa ndani, mmoja nyuma ya mwenzake. Ina injini mbili za jeti, na mkia wake una mabawa mawili tu, yamesimama kama herufi V.

Mwezi wa pili 1961, Fouga tatu zilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa ajili ya Katanga ya Moïse Tshombe iliyokuwa imejitenga. Mwezi wa tisa mwaka ule moja tu ndiyo ilikuwa bado inaruka, ikitoka Kolwezi. Hiyo moja iliwasumbua sana askari wa Umoja wa Mataifa. Iliwashambulia pia askari wa Ireland waliozungukwa pale Jadotville, yaani Likasi, tangu tarehe 13 mpaka 17.

Sasa fungua boksi. Kampuni ya Heller ya Ufaransa ilitoa maketi ya Fouga kwa kipimo cha 1/72. Lakini Fouga inayopendwa kuonyeshwa katika picha ni ile ya Patrouille de France, kundi la michezo ya angani lililotumia ndege hii tangu 1964 mpaka 1980. Rangi zake zinapendeza sana. Ukizifuata utapata ndege nzuri, lakini haiko ile ya Kolwezi.

Kwa hiyo chombo cha kwanza si wembe. Ni foto. Tena uangalie vizuri, maana Ireland yenyewe ilikuja kutumia Fouga kwa mafunzo, tangu miaka ya 1970 mpaka miaka ya 1990. Ubelgiji pia ilikuwa nazo. Foto ya Fouga si ushahidi wa Fouga yako. Chini ya kila foto andika: ni ya wapi, mwaka gani, jeshi gani.

HESABU KABLA YA KISU

Kipimo cha 1/72 maana yake milimita 1 ya maketi ni milimita 72 za ndege ya kweli. Fouga ina urefu wa metre 10.06; gawanya kwa 72, unapata karibu milimita 140. Upana wa mabawa, pamoja na matangi ya mafuta kwenye ncha zake, ni metre 12.15, kwa maketi ni karibu milimita 169. Chukua rula, upime. Kama vipande vya boksi havifiki, au vinapita, sasa unajua mahali pa kukata na mahali pa kuongeza.

Hesabu hiyohiyo inafunua mambo ambayo jicho halikuona. Ukingo wa nyuma wa bawa ukiwa na unene wa milimita 1, ni sawa na ndege ya kweli yenye ukingo wa sentimetre 7, upana wa vidole vinne! Bawa la kweli ni jembamba pale nyuma. Basi usugue upande wa ndani wa vipande kwa karatasi ya msasa, polepole, kabla ya kuvibandika.

KAZI YENYEWE

Kioo cha rubani: kile cha boksi mara nyingi ni kinene mno. Mafundi wanachonga umbo lake kwa mti, wanapasha moto plastiki nyembamba ya chupa ya maji mpaka ilegee, kiisha wanaivuta juu ya ule mti. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, na mtu mzima awe karibu.

Midomo ya injini: kama imezibwa, toboa, kiisha upake rangi nyeusi ndani. Injini inapaswa kupumua.

Pua: Fouga ina gurudumu moja mbele na mawili chini ya mabawa. Usipoweka uzito ndani ya pua, maketi itakalia mkia. Plombi za kuvulia samaki zinafaa. Ziweke kabla ya kufunga mwili wa ndege, maana ukishafunga umechelewa.

Silaha: ndege ya shule inaweza kuwa bila bunduki. Ile ya Kolwezi ilipigana. Tafuta katika foto matundu ya bunduki mbili kwenye pua, na vishikio vya chini ya mabawa.

Mistari ya mabati: katika maketi nyingi za zamani imeinuka juu, lakini kwa ndege ya kweli mabati yanakutana bila kuinuka. Sugua ile iliyoinuka, uchore mpya kwa ncha ya sindano, ukiongozwa na rula. Lakini usipitishe kipimo! Mstari wa nusu milimita ni ufa wa milimita 36 katika ndege ya kweli. Mkono wa mtoto ungeingia.

KUJUA KUACHA

Hapa vijana wengi wanakosea kwa bidii. Kichwa cha ribiti cha milimita 5, ukikigawanya kwa 72, hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Jicho haliwezi kukiona. Ukikiweka ili watu wasifu mkono wako, umeongeza uongo juu ya kazi nzuri. Kuacha nako ni ufundi.

Na ukweli huu haukuisha na vita. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi wa tisa 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola. Tangu 2015 Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania alipewa kazi ya kuchunguza habari hiyo upya. Kati ya maswali yaliyopimwa ni hili: Fouga ya Katanga ingeweza kufika kule? Unaona sasa kwamba tangi la mafuta si pambo.

Huna pesa ya boksi? Chukua mti laini wa milimita 140, hesabu ni ileile. Kiisha nenda kwa wazee wa Likasi na Kolwezi. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1961 sasa amepita 70. Muulize: mlio wake ulikuwa namna gani? Ilitokea upande gani? Uandike akiwa bado hai.

Ukimaliza, weka karatasi ndogo kando ya maketi yako. Upande mmoja andika yale uliyoyaona katika foto. Upande wa pili andika yale uliyoyakisia wewe mwenyewe. Mtu akija kuitazama, mpe na hiyo karatasi asome.