Alps: Joto la machipuko linalotangulia theluji

Milima ya Alps, inayoenea kwa kiasi cha kilomita 1,200 na kupitia nchi nane za Ulaya, huwa na sura mbili kati ya mwezi wa Machi na Mei. Bondeni nyasi huchipua na mitufaha hutoa maua, ilhali kwenye kimo cha mita 3,000 baridi ya kipupwe bado haijaondoka. Kutoka sura moja hadi nyingine ni mwendo wa saa chache tu kwa miguu, na mara nyingi hali ya juu huteremka bondeni bila ya kubisha hodi. Wasikilizaji wetu mlioko Uswisi, Austria au kusini mwa Ujerumani bila shaka mmekwishaiona siku inayoanza kwa jua la kuvua koti na kumalizika kwa theluji.

Kufikia mwishoni mwa Aprili, jua la mchana huwa limepanda angani sawasawa na lilivyo katikati ya Agosti. Huipasha ardhi moto kwa nguvu. Lakini upande wa kaskazini, maeneo ya Aktiki bado yamejaa hewa ya baridi, na hewa hiyo ikipata mwanya inaweza kufika Alps kwa muda wa siku moja au mbili. Machipuko ni wakati ambapo joto na baridi hushindana, na hapana hata moja lililokwisha kushinda.

Katika mashindano hayo kuna upepo mmoja unaostahili kuelezwa kwa kirefu. Wenyeji huuita Föhn. Hewa yenye unyevu kutoka upande wa bahari ya Mediterania huusukuma ukuta wa milima na kupanda. Ikipanda hupoa, mvuke wake hugeuka mawingu na kunyesha upande wa kusini. Kugeuka huko kwa mvuke hutoa joto, kwa hiyo hewa yenye mawingu hupoa polepole, takriban digrii 0.6 kwa kila mita 100. Inapoteremka upande wa kaskazini ikiwa kavu, hupata joto haraka zaidi, digrii 1 kwa kila mita 100. Hewa iliyoanza safari ikiwa na digrii 12 yaweza kufika upande wa pili ikiwa na digrii 18. Wataalamu wa leo huongeza kwamba si lazima mvua inyeshe kusini: mara nyingine upepo huu ni hewa ya juu tu iliyoshuka bondeni. Wakazi wa Afrika ya Mashariki wanalijua jambo linalokaribiana na hili, kwani miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hupata mvua nyingi, na upande wa kaskazini, kuelekea Amboseli, ni mkavu.

Föhn huyeyusha theluji kwa kasi ya ajabu na kuifanya milima ya mbali ionekane kana kwamba ipo jirani. Watu wengi wa Munich huulaumu kwa maumivu ya kichwa, ingawa wanasayansi hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Hatari yake nyingine haina ubishi. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei mwaka 1861, moto ulizuka katika mji wa Glarus, nchini Uswisi, wakati Föhn ikivuma. Karibu majengo 600 yaliteketea, yaani takriban thuluthi mbili ya mji. Katika mabonde kadhaa kulikuwa na walinzi maalumu wa kuzunguka usiku upepo huu ulipoanza, wakihakikisha kwamba hakuna jiko lililoachwa likiwaka.

Jambo ambalo mgeni hulisahau ni kwamba Föhn kwa kawaida hutangulia hali mbaya ya hewa. Upepo huo ukikatika, hewa ya baridi iliyokuwa ikingoja huingia, na kipimo cha joto chaweza kushuka kwa digrii 10 au zaidi kwa muda mfupi. Joto hilo la asubuhi, basi, halipaswi kuchukuliwa kuwa ni ahadi.

Mwishoni mwa Aprili mwaka 2018, watu 14 waliokuwa wakisafiri kwa skii katika jimbo la Valais, Uswisi, walikumbwa na dhoruba karibu na mlima Pigne d'Arolla. Walishindwa kuona njia, wakalala nje kwenye upepo mkali. Saba kati yao walifariki dunia, mita mia chache tu kutoka kwenye nyumba ya wapanda milima waliyokuwa wakiitafuta.

Hata siku ya jua tupu ina ratiba yake. Usiku uso wa theluji huganda na kuwa mgumu. Kufikia adhuhuri maji hupenya ndani na theluji nzito huanza kuporomoka. Ndiyo maana waongozaji huondoka kabla ya alfajiri na kutaka kuwa wamekwisharudi mapema mchana. Taarifa za tahadhari, zinazotumia kipimo cha Ulaya chenye daraja 5, huweza kutaja daraja moja kwa asubuhi na jingine la juu zaidi kwa alasiri ya siku hiyo hiyo.

Mkulima naye huogopa usiku usio na mawingu. Kwa mapokeo, wakulima hawakupanda mimea laini kabla ya siku za watakatifu zinazoangukia kati ya tarehe 11 na 15 Mei, ambazo Wajerumani huziita siku za Watakatifu wa Barafu. Lakini kwa kuwa hali ya hewa duniani inazidi kuwa ya joto, miti huchanua mapema kuliko zamani, na baridi ya Aprili huikuta ikiwa na maua. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Aprili mwaka 2017, pale mashamba ya matunda na mizabibu ya Uswisi na Austria yalipopata hasara kubwa. Katika mabonde ya Valais na Tirol ya Kusini wenye mashamba hukesha wakiinyunyizia miti maji usiku kucha. Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na ua lililofunikwa kwa barafu hubaki karibu na digrii 0. Pampu hazizimwi hadi jua liwe limeiyeyusha barafu hiyo, kwani zikisimama mapema maua yote hufa.