Mbio za risasi si dawa ya nyati

UKIKAA na vijana waliorudi kutoka makambini, au na wafanyabiashara wanaovuka mpaka kati ya Kobero na Kabanga, mazungumzo yakigusa bunduki utasikia sifa moja tu: mbio za risasi. Yenye mbio ndiyo kali, yenye mbio ndiyo inayoua.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilizaliwa na kusoma ukimbizini, katika makazi ya Katumba karibu na Mpanda, Tanzania, na tangu turudi Burundi mwaka 2008 nafundisha somo hilo hilo. Naomba leo tulipime jambo hili kwa hesabu, maana wapo watu wanaoumia kwa sababu ya wengine kutolielewa.

Nishati ya risasi hupatikana kwa kuchukua nusu ya uzito wake na kuizidisha kwa kasi mara kasi. Kwa hiyo kasi ikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Wengi huishia hapo, wakadhani mbio ndiyo kila kitu.

Tutazame risasi tatu. Ya kwanza ni ya AK-47, bunduki ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita SMG. Kichwa chake kina gramu 8 na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 715 hivi kwa sekunde. Nishati yake ni kama jouli 2,000. Ya pili ni .220 Swift, iliyotolewa Marekani mwaka 1935. Kichwa chake ni gramu 3 tu, lakini hukimbia zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde, na nishati yake inaizidi ile ya AK-47. Ya tatu ni .375 H&H ya Uingereza, ya mwaka 1912. Ina gramu 19 na ushei, kasi yake ni mita 770 hivi, na nishati yake inakaribia jouli 5,700.

Kwa mbio, Swift haina mpinzani hapo. Lakini ilitengenezwa kwa wanyama wadogo. Ikimpiga nyati begani, hupasuka vipande vipande kabla ya kufika ndani. Ni kama bonge la udongo mkavu: kadiri unavyolirusha kwa nguvu ukutani, ndivyo linavyosambaratika.

Nyati dume aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 700. Ana ngozi nene, misuli mizito ya bega na mbavu pana. Moyo na mapafu viko nyuma ya ngome hiyo. Risasi inayomlaza ni ile inayoivuka ngome ikiwa bado nzima, ikaenda moja kwa moja hadi huko. Hapo uzito, ugumu na umbo la kichwa cha risasi vina kauli kubwa kuliko mbio.

Mmarekani John Nosler alilijua hilo mwaka 1946 akiwa Kanada, akiwinda moose, mnyama mkubwa wa nchi za baridi. Alikuwa na bunduki yenye mbio, .300 H&H, lakini vichwa vya risasi vilitanuka na kuharibika mapema mno, visifike ndani ya mnyama aliyejaa matope ngozini. Akabuni kichwa chenye ukuta katikati: sehemu ya mbele hutanuka, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea na safari. Alianza kukiuza mwaka 1948, na mpaka leo kinatumika.

Karibu na kwetu, Karamoja nchini Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 aliwinda Mskochi W. D. M. Bell. Aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo risasi yake ilikwenda mita 700 tu kwa sekunde. Siri yake ilikuwa kichwa kirefu, kigumu, kisichopinda, pamoja na elimu. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo.

Sasa turudi nyumbani. Vita vilituachia silaha nyingi za kijeshi, na vijijini kuna magobore yanayojazwa baruti na vipande vya nondo. Risasi ya AK-47 ilitengenezwa kwa ajili ya binadamu. Nishati yake ni zaidi kidogo tu ya theluthi ya ile ya.375. Majangili huziba pengo hilo kwa kumimina risasi nyingi, na wanyama wengi huondoka na majeraha. Gobore ndilo baya zaidi, kwa kuwa kipande cha nondo hakina uzito wa kutosha, umbo wala mwelekeo.

Nikiwa darasa la sita, nyati aliyejeruhiwa aliingia katika mashamba ya mihogo pale Katumba. Alimuua mama mmoja aliyekuwa akichuma kisamvu. Bwana nyama alipokuja kumwangusha na kumpasua, alitoa begani vipande viwili vya nondo vilivyozungukwa na usaha. Aliyefyatua gobore lile hakujulikana. Mama yule hakuwahi kushika bunduki maishani mwake.

Ndiyo maana nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa kitalii huweka kipimo cha chini cha bunduki ya kuwindia nyati au tembo, mara nyingi .375 au karibu na hapo, na humtaka mwindaji amfuate mnyama aliyemjeruhi mpaka amalizike. Jangili anayeingia usiku katika hifadhi ya Ruvubu hamfuati mnyama. Humwachia anayekata kuni, mtoto wa mbuzi malishoni, au mchuuzi anayepita njia ya panya na mzigo kichwani.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiletewa nyama ya porini kwa bei nafuu, uliza iliuawa kwa nini, na wangapi walikimbia wakiwa na chuma mwilini. Ukisikia milio ya bunduki usiku upande wa hifadhi, asubuhi usipite huko. Toa taarifa kwa askari wa hifadhi. Nyati mwenye jeraha hujificha kichakani, na hachagui wa kumlipiza.